Mtani Aliyesimama Msibani Kwangu

Mimi ni Yanga. Nimezaliwa Ilala, katika nyumba ambayo siku ya mechi jezi ya kijani na njano ilianikwa kambani kabla ya sare za shule, na mama yangu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wanaume wote wa nyumba ile. Nimeishi London miaka mingi sasa na Yanga yangu haijapungua hata chembe. Kilichobadilika ni namna ninavyomtazama mtu wa Simba. Natoa ushuhuda huu kwa sababu nawaona vijana wetu wa huku wanaurithi ubishi peke yake, na kile kinachokaa chini ya ubishi hawakipati.

Kijiwe changu cha Jumamosi kilikuwa kwa kinyozi mmoja Mtanzania, kule Barking, mashariki mwa London. Pale Kiswahili kinasemwa tangu mlango unapofunguliwa asubuhi mpaka unapofungwa usiku. Matokeo ya jana tuliyamaliza haraka. Ubishi mkubwa ulikuwa wa asili: nani alitangulia, nani alimwiga nani.

Hoja yangu nilikuwa nimeipanga vizuri. Yanga ilianzishwa 1935. Simba ikafuata 1936, na kwa masimulizi ya wazee wa Kariakoo, walioianzisha walikuwa wenzetu waliojitenga. Wakaitwa Queens, baadaye Eagles, kisha Sunderland, mpaka mwaka 1971 majina ya kigeni yalipokuwa yakiachwa ndipo wakawa Simba. Kwa hiyo nilikuwa nikiwaambia, ninyi ni watoto wetu mliotoroka nyumbani.

Watu wa Simba nao hawakukosa la kujibu. Ligi ya taifa ilipoanza 1965 bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, na mwaka uliofuata akarudia. Halafu wakaja kwenye sherehe. Simba Day ilianza 2009, enzi za mwenyekiti Hassan Dalali: uwanja unajaa, wachezaji wanatambulishwa mmoja mmoja, msimu unafunguliwa kwa shangwe. Wiki ya Mwananchi, ya kwetu, ikaja miaka kumi baadaye. "Mkubwa gani huyo anayemwiga mdogo wake?" walikuwa wakiniuliza, na duka zima linalipuka.

Aliyekuwa akinisumbua zaidi ni mzee mmoja ambaye sote tunamwita Babu. Mara zote alikaa kiti cha pembeni, skafu nyekundu shingoni hata wakati wa joto. Tukitoka pale mimi na yeye tulikuwa hatuna zaidi ya salamu. Kwake sikuwahi kufika, wala sikuwahi kumkaribisha kwangu. Siku ya mechi ya watani, simu ya mtu wa Simba nilikuwa siipokei kabisa.

Kisha mama akafariki Dar es Salaam, na mambo ya hati za kusafiria hayakuniruhusu kwenda kumzika. Nilimwambia kinyozi peke yake. Jioni ile ile kengele ya mlango ikalia. Nje alikuwa amesimama Babu na skafu yake, nyuma yake kina mama wawili na sufuria kubwa la pilau, na vijana waliobeba mikeka na viti vya kukunja. Wote Simba. Babu alinikumbatia, akapita ndani, akawaelekeza vijana kusogeza makochi ukutani na kutandika mikeka. Kisha akatoa daftari la shule, akaandika juu kabisa "Rambirambi", na jina la kwanza likawa lake.

Usiku wa hitma, watu walipokwisha kula, alisimama katikati ya sebule. "Ndugu zangu," alisema, "marehemu alikuwa mwanachama wetu wa siri. Tumekuja kudai kadi yetu. Mpaka familia itulipe faini, humu ndani halali mtu." Shangazi yangu alikuwa anasikiliza kwenye simu kutoka Ilala, sauti imefunguliwa kwa wote. Akajibu palepale: "Muongo mkubwa wewe, mtani! Nyumba hii jezi nyekundu tulikuwa tunapigia deki!" Sebule yote ikacheka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu nipate ile habari, na nilipocheka ndipo machozi yaliyokuwa yamekwama yakatoka. Babu akaja kukaa karibu yangu, akanishika mkono, na hakusema neno tena mpaka watu walipoanza kuaga.

Jirani yangu Mganda, aliyewahi kutukuta tukitoleana mishipa ya shingo kwa kinyozi, aliuliza imekuwaje. Kinyozi akamjibu: "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime; wakipatana chukua kapu ukavune."

Usiku ule nilielewa utani ulivyo. Mila hii ni ya zamani kuliko klabu zote mbili. Wazaramo na Wanyamwezi, waliozoeana tangu enzi za misafara ya bara na pwani, wanataniana mpaka leo, na mtani hana haki ya kukutukana tu. Ana kazi. Msibani ndiye anayehangaika na maji na kuni, na ndiye anayeruhusiwa kusema maneno yanayomrudishia mfiwa pumzi. Mimi kwa miaka yote nilikuwa nimeishi na mdomo wa utani. Babu alinionyesha mikono yake.

Baada ya arobaini nilianza kumtembelea, na ubishi wetu wa asili ukapata sura nyingine. Siku moja akaniuliza: "Umekaa London muda wote huu, umeshafika pale Waingereza wenyewe walipogawana nyumba ya mpira?" Akanipeleka Great Queen Street, karibu na Holborn. Hapo palikuwa na Freemasons' Tavern, ambamo tarehe 26 Oktoba 1863 wajumbe wa vilabu vya London na vitongoji vyake walikutana kuunda Chama cha Soka cha England. Kabla ya hapo kila shule na kila chuo kilikuwa na mpira wake na sheria zake. Vikao viliendelea hadi Desemba, na vilikuwa vikali. Wengine walitaka mtu aruhusiwe kukimbia na mpira mkononi na kumpiga mwenzake teke la muundi. Wengine wakakataa. Blackheath wakajitoa, na mwaka 1871 walikuwa miongoni mwa vilabu vilivyounda chama cha raga, hapa hapa London. Hata ule mchezo wa Rutgers na Princeton wa 1869, ambao Wamarekani wanauhesabu kuwa mwanzo wa futiboli yao ya vyuo, ulichezwa kwa kanuni zilizotokana na zile za London, watu 25 kila upande.

Tulisimama pale muda mrefu, mabasi yakipita. "Unaona, mtani?" Babu alisema. "Ninyi mnatuita waliotoroka. Nyumba ikijaa, watu hujenga nyingine."

Tangu hapo naiona London nzima kwa jicho hilo. Mashabiki wa Tottenham, klabu ya 1882, mpaka leo wanawaambia Arsenal kwamba Kaskazini si kwao, na kweli Arsenal ilizaliwa 1886 kwa wafanyakazi wa kiwanda cha silaha Woolwich, kusini mwa mto Thames, ikahamia Highbury 1913. Jezi nyekundu wanayoiimbia ilitoka Nottingham Forest. Weupe wa Tottenham nao waliuchukua kwa Preston. Hakuna anayewadai warudishe. Watu wamezivaa rangi hizo, wamezililia, wamewavisha watoto wao, na kwa kufanya hivyo zimekuwa zao. Simba Day na Wiki ya Mwananchi ni hivyo hivyo: aliyeanza ana heshima yake, na anayeitunza naye anayo.

Tarehe 24 Mei 2025 nilimfuata Babu kwake tukaangalie fainali ya Wembley, Sunderland na Sheffield United, anayeshinda anapanda Ligi Kuu. Babu alikua akisikia baba yake akiiita Simba kwa jina hilo hilo, na Sunderland ya Uingereza hajawahi kuiacha, hata ilipokuwa imeshuka mpaka daraja la tatu. Ilikuwa 1–1 mpaka dakika za nyongeza, ndipo Tom Watson akafunga la pili. Babu alisimama akaanza kuita majina ya wazee wa Kariakoo waliokwisha kufa, mmoja baada ya mwingine, awape habari. Nami, Yanga wa Ilala, nilishangilia timu ya nyekundu na nyeupe kwa moyo wangu wote.

Sasa ubishi wetu ni mkali kuliko zamani, kwa sababu kila mmoja anaijua historia ya mwenzake. Tulipowafunga 5–1 tarehe 5 Novemba 2023, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa Babu. Aliniacha nimalize, kisha akanisomea 19 Julai 1977: Simba sita, Yanga bila, Kibadeni wao matatu peke yake. Simba Day ikifika nakwenda kwao na jezi yangu ya njano, nakaa jikoni namenya viazi na kupokea matusi yangu yote. Wiki ya Mwananchi wanakuja kwetu. Maneno ya Babu kuhusu enzi za Sunderland nayarekodi kwenye simu, kwa sababu mashabiki wa Yanga wasipoitunza historia ya Simba, nusu ya historia yao wenyewe itapotea.

Kwa vijana mliozaliwa huku: bisheni. Jueni miaka, jueni magoli, msimwachie mtani nafasi. Lakini mjue anapokaa, mama yake anaitwa nani, na siku yake ikiharibika mfike kabla hajawaita. Ligi ina ratiba, msiba hauna. Mimi nitakufa Yanga, na wanangu nimekwisha waambia: siku hiyo, watu wa kwanza kupigiwa simu ni Simba.