Watumishi wa Matopeni

Mgeni humshukuru mpishi, wala hamkumbuki aliyeleta kuni. Ndivyo ilivyo habari ya maji. Mkulima wa Segese, katika nchi ya Kahama mkoani Shinyanga, akisimama juu ya tuta la jaruba lake wakati wa masika, huona mvua, huona udongo mweusi wa mbuga, huona mpunga umesimama kijani. Husema kuwa mvua na udongo ndivyo vilivyomlisha. Asemalo ni kweli, lakini si kweli yote. Kati ya mvua na mpunga wapo watumishi ambao udogo wao umewaficha machoni. Hawalali, hawadai ujira, na katika kijiko kimoja cha matope idadi yao hushinda idadi ya watu wa mji mkubwa.

Kazi yao ni kurudisha. Samadi ya ng'ombe walionyweshwa lamboni, mabua ya mwaka uliopita, majani na samaki mfu, vyote hushuka chini ya maji. Lau vingebaki kama vilivyoanguka, lambo lingekuwa kaburi na jaruba lingekuwa jaa. Kundi la kwanza la vijidudu huvitengua, na naitrojeni iliyokuwamo hutoka kwa sura ya amonia. Penye oksijeni, kundi la pili huigeuza amonia kuwa nitrati; jambo hili lilidhihirishwa na Sergei Winogradsky, mwanachuoni wa Urusi, karibu na mwaka 1890. Ndani zaidi ya matope, ambako oksijeni haifiki, kundi la tatu huichukua nitrati na kuirejesha hewani kuwa naitrojeni tupu. Na katika utando wa kijani juu ya maji, ule ambao mtekaji huusukuma kando kwa kata, mna vijidudu viwezavyo kuikamata naitrojeni hiyo hiyo hewani na kuileta tena majini. Taka ya huyu ni posho ya yule. Hapana kundi liwezalo kukamilisha mzunguko peke yake.

Lakini utumishi huu una sifa moja ya kutisha: hauchagui. Vijidudu havijui jema wala baya la mwanadamu. Hupokea kilichowafikia, hukigeuza kwa kadiri ya maumbile yao, kisha hukirudisha.

Segese si nchi ya mpunga tu, ni nchi ya dhahabu pia. Kutoka huko hadi Geita wachimbaji wadogo husaga mawe kwa makarasha, huosha unga wake, hutia zebaki ili iishike dhahabu, kisha huchoma ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Sehemu ya zebaki huenda hewani. Sehemu hubaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Mvua kubwa haiulizi njia. Maji yakipita juu ya malundo ya marudio hutelemka bondeni, na bondeni ndiko yaliko malambo na majaruba.

Zebaki ya kawaida ikimezwa, sehemu iliyo kubwa hupita tumboni bila kunyonywa, ingawa mvuke wake ni hatari kwa aivutaye. Ndani ya matope yasiyo na oksijeni habari hubadilika. Wamo vijidudu, hasa vile vitumiavyo salfeti mahali pa oksijeni, ambavyo huigeuza zebaki kuwa zebaki-methili. Hiyo hunyonywa karibu yote, huingia ubongoni, na kwa mama mwenye mimba humfikia mtoto. Mwaka 1956 maradhi yake yalitambuliwa Minamata, nchini Japani. Huko sumu ilitoka kiwandani ikiwa tayari. Mwaka 1969 Jensen na Jernelöv, wataalamu wa Sweden, walionyesha kuwa vijidudu vya matope vyaweza kuifanya vyenyewe. Kutoka hapo hupanda daraja kwa daraja, kutoka kwa mdudu hata kwa samaki mlaji wa samaki, ikizidi kila hatua. Na huko Guizhou, China, katika mashamba yaliyo karibu na migodi ya zebaki, imeonekana kuwa hata punje ya mpunga huikusanya.

Haifai kumlaumu mchimbaji kana kwamba ni adui wa mkulima. Mara nyingi wawili hao ni mtu mmoja: kiangazi yumo duarani, masika yumo jarubani, na kwa kazi zote mbili hutafuta chakula cha watoto wale wale. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nao hutaka zebaki katika uchimbaji mdogo ipunguzwe, na ikiwezekana ikomeshwe. Lakini mkataba hausomwi na matope. Ukuta uzuiao marudio yasitelemke mbugani, na chombo kinasacho mvuke wakati wa kuchoma, ndivyo vitakavyosomwa huko chini.

Mtu huvuna alichopanda, na majini hupanda hata asichokusudia. Watumishi wa matopeni ni waaminifu kupita kiasi: aliyewapa samadi humrudishia wali, na aliyewapa zebaki hawamnyimi malipo yake. Huyalipa sahanini mwa mwanawe.