Nyuki wa Singida Mbele ya Kioo cha Kamera

Msafiri atokaye pwani kwenda bara, aghalabu huulizwa arudipo kama ameona simba. Sisi mwezi wa Machi tulikwenda Singida kutazama nyuki, tena si nyuki wa msituni, bali wale waingiao katika bustani ya nyumba. Na tulichukua kamera ili tumwone mdudu huyo kwa ukaribu ambao macho matupu hayaufikii.

Kutoka Dodoma njia hupita Bahi, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni, kisha Ikungi, mwendo wa kilomita 240 hivi. Nchi hii wakati wa kiangazi huwa kavu na ya vumbi. Walakin kwa kuwa mvua zilikuwa hazijakwisha, tuliikuta imevaa rangi mbili: kijani cha mtama na uwele, na manjano ya alizeti, zao ambalo mafuta yake yameitangaza Singida katika Tanzania nzima. Mji wenyewe umekaa baina ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Majabali yake hatutayaeleza. Kila aliyepita ameyaona.

Bustani tuliyoikusudia ni ya mama mmoja mjane, mzazi wa rafiki yetu: matuta manne ya bamia na mchicha, mipapai miwili, na kando ya ukuta safu ya alizeti. Nyuma ya ukuta jirani ametundika mtini mizinga miwili ya magogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmetoka mbali kote huko kuja kupiga picha wadudu?" Akacheka. Kisha akatuonyesha bamia zake, ambazo majani yake yalikuwa yamejaa vidukari upande wa chini. Alikuwa amekwisha kununua chupa ya dawa, naye alikusudia kuinyunyiza asubuhi ya pili. Bamia zile humpatia fedha za daftari na sare za mjukuu wake, basi hatukuthubutu kusema neno.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Tulitoka msikitini tumejipaka atari, na juu ya kanzu tumevaa koti jeusi, tukaenda moja kwa moja kusimama mbele ya mizinga, katika njia yao ya kupita. Kosa lilikuwa letu tupu. Nyuki aliye juu ya ua ni mpole, hana muda na mtu. Lakini mlangoni kwake huchukia harufu kali na nguo nyeusi. Mmoja alituchoma shingoni. Mwiba wake hubaki mwilini pamoja na kifuko cha sumu, na hapo hutoka harufu kama ya ndizi mbivu, ambayo ndiyo huwaita wenzake. Wakaitika. Namna tulivyoondoka pale haikulingana na heshima ya kanzu. Mama alitukwangua miiba kwa ukucha upesi upesi, kwani sumu huendelea kuingia maadamu mwiba umo, akatupa maji ya baridi.

Asubuhi tulimwomba atupe saa mbili kabla ya kunyunyiza dawa yake. Baada ya sala ya alfajiri tulivaa nguo nyeupe zisizo na harufu yoyote, tukasimama kwenye alizeti. Baridi ya Singida wakati huo humfanya nyuki awe mzito, naye hutulia kidogo juu ya ua kabla jua halijampasha moto. Ugumu wa picha hizi ni huu: kamera ikisogezwa karibu sana, sehemu inayoonekana safi huwa nyembamba kama ukucha, hata jicho likiwa wazi, mguu umo katika ukungu. Dawa yake ni kuegemeza viwiko, kuzuia pumzi, na kusogea mbele na nyuma kwa mwili wote. Na kwa kuwa mabawa hupigwa zaidi ya mara 200 kwa sekunde moja, kamera yataka kufumba upesi mno. Vijana wasio na kamera wasivunjike moyo: simu ya mkononi iliyobandikwa kioo kidogo cha kukuzia hufanya mengi. Katika picha 120 tulizopiga, zilizofaa ni 7.

Lakini saba hizo! Tuliona kuwa alizeti si ua moja, bali ni mamia ya vijiua vifungukavyo kwa zamu kuanzia ukingoni. Tuliona macho matano: mawili makubwa ya pembeni, yenye vinywele vilivyosimama, na matatu madogo utosini. Tuliona mguu wa nyuma wenye kikapu kilichosheheni chavua ya rangi ya manjano. Hawa waendao mauani wote ni majike. Na wajuao Kiarabu hutukumbusha kuwa katika Surat an-Nahl, sura ya 16, aya ya 68 na 69, nyuki husemeshwa kwa vitendo vya kike.

Tulimwonyesha mama picha hizo wakati wa uji. Akaitazama moja kwa muda mrefu. "Kumbe ana manyoya hata machoni!" Akanyamaza. "Na dawa yangu je?"

Hapo tukasema. Dawa nyingi ziuazo vidukari huua na nyuki. Na ikinyunyizwa asubuhi, wakati ua la bamia limefunguka, sumu huchukuliwa pamoja na chavua hadi mzingani. Mwenye kulazimika kuitumia na angoje jua lishuke, nyuki wakisharejea, na maua asiyaguse.

"Na vidukari vikila bamia zangu, nani atamnunulia mtoto daftari?"

Swali la haki. Tukamwambia ajaribu kwanza maji ya sabuni kidogo, kwa kupangusa chini ya majani. Jioni ile, karibu na Magharibi, tulipangusa pamoja naye tuta moja zima, na migongo ikatuuma kuliko miiba ya jana.

Kulipokucha tuliondoka, hatukungoja kuona matokeo. Chupa ilikuwa dirishani, kifuniko chake hakijafunguliwa. Mama alitusindikiza hadi barabarani, akatuomba picha moja ichapishwe kwenye karatasi, ile ya manyoya machoni, apate kumpelekea jirani mwenye mizinga.