Mkalimani wa Mama

Mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bila malipo nchini Kenya, darasa letu lilifurika. Mwalimu akamwita mama. Mama alijua Kikamba pekee, naye mwalimu hakukijua, nikawa mkalimani.

"Mwambie mama yako kwamba unatoroka vipindi vya Hisabati."

Nikamfasiria mama kuwa nilihitaji daftari. Akaahidi kulinunua. Nikamfasiria mwalimu kuwa mama ameahidi kunirudi. Wakaagana kwa heshima. Katika chumba cha walimu alikuwamo Mkamba mwenzetu. Hakuna aliyewaza kumwita, nami, bila shaka, sikumtaja.

Jioni ile mama aliuza kuku wake aliyekuwa akiatamia.

Siku hizi mimi ni mwalimu. Mzazi akija na mtoto wa kumfasiria, kwanza humtafuta mtu mzima. Habari ya kuku yule bado sijamweleza mama.