Mraba Ambao Haukuwa Mraba

Zilibaki wiki tatu kukabidhi ripoti ya utafiti, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga. Watu 17 walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta ya maabara, na wote walikuwa wamekosea kwa namna ileile. Nikajiambia, hapa nimegundua kitu.

Nasoma ualimu, mwaka wa tatu. Kwenye saikolojia ya elimu tuliambiwa kila mmoja afanye jaribio dogo. Mimi nikachagua maumbo: mtu akioneshwa mstatili kwa muda mfupi sana, ataweza kusema umesimama, umelala, au ni mraba? Tangu karne ya 19 wanasaikolojia wanajua kwamba mstari wa wima huonekana mrefu kuliko wa mlalo hata kama inalingana. Nilitaka kuona kama wenzangu wa hosteli nao wanadanganywa hivyo.

Nilitumia programu ya PsychoPy. Ni ya bure, imeandikwa kwa Python, na aliyeianzisha ni Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Kuchora mstatili ni mistari michache tu: unataja upana, kimo, rangi na mahali pa kuuweka. Kuna amri ya kuchora, halafu kuna ya kugeuza. Ukisahau kugeuza huoni kitu, maana umbo huchorwa kwanza nyuma ya pazia. Skrini yetu ilijichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila mstatili nikauacha kwa fremu 12, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Nikajiona fundi.

Mraba wangu ulikuwa 0.5 kwa 0.5. Uliosimama, upana 0.5 na kimo 0.6. Uliolala, 0.6 kwa 0.5. Shida iko wapi hapo?

Uliolala, karibu wote waliupata. Mraba wakasema umelala. Uliosimama wengi wakauita mraba. Na kompyuta ilikuwa inatoa alama mwishoni. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja alipata 11 kati ya 30. Pale maabara alicheka. Usiku akaniuliza taratibu, "Eti, inawezekana ni macho yangu?" Nikamwambia alale, mbona wote wanapata hivyohivyo.

Wa 18 alikuwa mdogo wetu wa mwaka wa kwanza. Alipomaliza akasema, "Dada, samahani, lakini ule haukuwa mraba." Nikamjibu kama mwalimu mkali: "Wewe jibu unavyoona, usibishane na kompyuta." Akaondoka. Mimi nikabaki na maneno yake. Nikauacha mraba utulie kwenye skrini, nikachukua rula. Upana, sentimita 8.4. Kimo, 6.8.

Kosa lilikuwa kwenye kipimo. Nilikuwa nimeacha kile kinachoitwa "norm". Kwa kipimo hicho skrini inahesabiwa kutoka -1 hadi 1 kwa upana, na vilevile -1 hadi 1 kwa kimo, hata kama skrini yenyewe si mraba. Yetu ilikuwa na pikseli 1280 kwa 1024. Nusu ya upande mmoja ni pikseli 320, nusu ya upande mwingine ni 256. Na ule niliouita "uliosimama" ulikuwa 320 kwa 307. Kwa macho ya kawaida ni mraba, tena umelala kidogo. Watu wangu 18 walikuwa wanaona sawasawa. Aliyekuwa haoni ni mimi, kwa sababu niliangalia namba zangu tu.

Sitadanganya, nilifikiria kunyamaza. Ripoti ilishafika kurasa 20, na nani angekuja na rula? Asubuhi nikaenda kwa msimamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: "Hao watu uliwaonesha alama zao?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kabla ya kurudia jaribio, kawaambie."

Kurekebisha programu kulichukua dakika moja. Niliweka kipimo cha "height", ambacho kinapima pande zote mbili kwa kimo cha skrini, na safari hii nikapima kwa rula kabla ya kumwita mtu. Kuwaambia watu kulichukua siku nne. Yule wa mwaka wa kwanza nilimkuta kafeteria, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Rafiki yangu alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe. Nilishaanza kuulizia bei ya miwani."

Walirudi 11 tu. Ripoti yangu ni fupi na haina ugunduzi wowote.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilitoa jaribio la hesabu kidato cha pili. Swali la nne darasa zima lilikosa, karibu wote kwa jibu moja. Niliwagombeza kipindi kizima. Karatasi ya maswali bado ninayo kwenye begi, na wiki hii nimeitoa na kuikalia chini. Sijalimaliza swali la nne, lakini naliona linavyoanza kuyumba.