Vitabu vya Kijerumani upande huu wa Rusumo

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kwa mpangilio mmoja. Fani kwanza: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Kisha maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo wa mwandishi. Ukiimaliza orodha, umekimaliza kitabu. Niliipenda orodha ile kwa sababu ilinipa maksi, na hata baada ya kutoka shule niliendelea kusoma hivyohivyo, kalamu mkononi, kila mwandishi nikimtafutia ujumbe wake. Riwaya za Kijerumani ndizo zilizonitoa huko, na zilinifikia kwa mkasa ulioipata wilaya yetu ya Ngara.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takribani saa 24. Upande wetu wa mpaka yalirundikwa mapanga waliyonyang'anywa. Benaco, palipokuwa mahali pa kupita tu, pakawa mji mkubwa wa maturubai kuliko mji wowote niliowahi kuuona. Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, sina kazi. Kihangaza chetu na Kinyarwanda watu husikilizana bila shida, nami Kiingereza cha shule nilikuwa nacho, basi nikachukuliwa kuwa mkalimani katika zahanati ya kambi.

Pale zahanati palikuwa na nesi Mjerumani, mama wa makamo, mwenye kusoma kila jioni hadi taa iishiwe mafuta. Alipomaliza mkataba wake aliniachia vitabu vyake vya Kiingereza. Kimoja kilikuwa tafsiri ya Im Westen nichts Neues, riwaya ya Erich Maria Remarque iliyotoka 1929, inayosimulia vijana wa Kijerumani katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza kule Ufaransa. Humo mna askari kijana, Kemmerich, amelazwa hospitali na mguu umekwisha kukatwa. Ana viatu vizuri vya ngozi laini. Mwenzake Müller amekuja kumjulia hali, lakini jicho halibanduki kwenye viatu. Remarque hamfanyi Müller kuwa mtu mbaya. Anatuonyesha tu kwamba viatu vile havitamfaa tena mwenye kufa, na aliye hai kesho atarudi vitani. Baadaye Müller naye anakufa, na viatu vinakwenda kwa mwingine.

Katika daftari langu niliandika: ujumbe, vita ni vibaya. Siku zilezile zahanati ilimpokea mama mmoja na watoto wawili, mkubwa akiwa mahututi kwa kuhara. Yule mtoto alifariki kabla ya saa sita mchana. Mama akamvua fulana, akaikung'uta, akamvalisha mdogo wake aliyekuwa kifua wazi, ndipo akakaa chini na kulia. Jioni nilifungua daftari nikaitazama orodha yangu kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na mstari wa kuandikia jambo kama lile, wala wa kuandikia viatu vya Kemmerich. Ujumbe nilioupata ulikuwa sahihi kabisa, na ulikuwa umeacha nje kila kitu.

Nilijiuliza na jingine. Vita anavyovieleza Remarque vilipita hata kwetu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliteremka kutoka Rwanda na Urundi, yakaiteka Biharamulo, yakaelekea hadi Tabora. Wazee wetu walikuwa wakisimulia wanaume waliobebeshwa mizigo ya jeshi wasirudi. Hawa hawamo katika kitabu kile, na simlaumu Remarque, kwani yeye aliandika handaki alilolijua. Lakini tangu hapo kila nikisoma riwaya ya Mzungu kuhusu vita, au kuhusu Afrika, huangalia ni nani amebeba mzigo na kama amepewa jina.

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao na mahema yakaondoka. Nikaenda chuo, nikatoka mwalimu, nikapangiwa Biharamulo. Ukiishi Biharamulo Wajerumani huwezi kuwasahau: boma lao la mwanzoni mwa karne ya 20 liko palepale kilimani, kuta nene nyeupe, na siku hizi wageni wanalala humo. Ni hapo nilipoanza kujifunza Kijerumani chenyewe, jioni, kwa kamusi ya Hildegard Höftmann na Irmtraud Herms niliyopewa na padri mmoja mzee, na redio ya mkulima iliyokuwa ikinasa Deutsche Welle. Sijawahi kukisema vizuri. Kukisoma nakisoma, polepole, na polepole hiyo imenifaa, maana sentensi ya Kijerumani mara nyingi hukuwekea kitenzi mwishoni, huwezi kuirukia.

Cha kwanza kukisoma chote kwa lugha yake kilikuwa kisa kifupi cha Franz Kafka, Vor dem Gesetz, kilichochapishwa 1915. Mtu wa shamba anafika kwenye mlango wa Sheria. Mlango uko wazi, ila bawabu anamwambia kwa sasa hawezi kumruhusu. Mtu yule anakaa kusubiri, miaka inapita, anampa bawabu kila alichokuja nacho, bawabu anapokea, na mtu anazeekea pale pale. Nilikitafsiri kwa mdomo darasani, kidato cha tatu, kipindi cha mwisho cha Ijumaa wakati wanafunzi wanasikiliza kengele kuliko mwalimu. Siku ile hawakuisikiliza. Nyuma ya darasa mvulana akauliza, "Mwalimu, huyo bawabu si amekula rushwa?" Darasa likagawanyika, wengine wakisema hakuna rushwa iwapo huduma haikutolewa. Kisha msichana mmoja wa Nyakahura, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akanyoosha mkono. "Mbona hakurudi nyumbani akalima?"

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu kisa hicho, ya dini, ya falsafa, ya saikolojia. Swali la binti yule bado naliona ni kubwa kuliko mengi kati yake, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyemwona baba yake akishinda kwenye benchi la ofisi ya serikali kwa ajili ya karatasi ya shamba. Aliuliza kwa uchungu. Nilikwenda nyumbani nikaandika hakiki yangu ya kwanza isiyo na fani wala maudhui. Nililiandika swali lake juu kabisa, halafu nikajaribu kulijibu. Tukaibandika kwenye ubao wa matangazo, na baada ya hapo ikawa desturi: kila muhula kitabu kimoja cha Kijerumani, hakiki moja, na wanafunzi wanaandika majibu yao pembeni.

Mwandishi Mswisi Alex Capus ndiye aliyetufurahisha zaidi. Riwaya yake Eine Frage der Zeit, ya 2007, inasimulia mafundi watatu wa meli kutoka Papenburg, wanaotumwa Kigoma kuiunga upya meli Graf von Goetzen, iliyotengenezwa kwao, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye masanduku. Ndiyo MV Liemba ya leo. Mafundi wale wameandikwa kwa upendo mkubwa, mikono yao, uchovu wao, na vita inavyowafuata hadi ziwani Tanganyika wasikoitaka. Lakini kwa msomaji wa Ngara jina la meli ile lina jambo lake. Gustav Adolf von Götzen alivuka hapa Rusumo mwanzoni mwa Mei 1894 akiingia Rwanda. Baadaye akawa gavana, na ni wakati wake Maji Maji ilipozimwa kwa kuchoma mashamba na maghala hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Kutoka Götzen kuvuka mto hadi umati wa 1994 kuvuka kuja kwetu ni miaka 100 kasoro siku chache. Hakuna riwaya niijuayo iliyozileta safari hizo mbili pamoja, na inahitajika.

Baadaye ndipo nilipopata Hundert Tage ya Lukas Bärfuss, Mswisi mwingine. Ilitoka 2008; kijana mmoja aliyesoma Dar es Salaam alinitafutia kupitia marafiki zake wa Goethe-Institut pale Upanga. David Hohl ni mfanyakazi wa misaada wa Uswisi mjini Kigali. Wenzake wanapoondolewa mwaka 1994, yeye anabaki, anajificha nyumbani mwake siku mia za mauaji. Bärfuss anawashtaki watu wake bila kuwaonea haya: anasema nidhamu na utaratibu ambao Waswisi walijivunia kuupanda Rwanda ndio uliowasaidia wauaji kufanya kazi yao kwa mpangilio. Sijui mwandishi mwingine wa Ulaya aliyeigeuzia nchi yake shutuma hiyo kwa ukali kama ule. Nilikaa na kitabu kile mwezi mzima. Hakiki yangu ilikuwa ya sifa tupu.

Nisingejua kulikuwa na la kuongeza bila Ilija Trojanow na Abdulrazak Gurnah. Trojanow, mzaliwa wa Bulgaria aliyekulia Nairobi, katika Der Weltensammler ya 2006 anamwachia Sidi Mubarak Bombay, mwongozaji wa msafara, asimulie safari ya mpelelezi Mwingereza Burton, akiwa amekaa na marafiki zake Unguja, huku mkewe akimkatiza. Bombay huyu ndiye aliyepita na Speke, mpelelezi mwingine wa Kiingereza, katika nchi ya Usui, yaani Biharamulo yetu, mwaka 1861, wakakwama kwa sababu ya hongo ya mtemi Suwarora. Katika riwaya Bombay ana mdomo, ana mke, ana majirani wanaombishia. Naye Gurnah katika Afterlives ana Hamza, askari anayefundishwa Kijerumani na afisa wake, kwa ndoto ya afisa huyo kwamba siku moja kijana atasoma Schiller. Wajerumani wanamsoma Hamza kwa lugha yao tangu 2022, katika tafsiri ya Eva Bonné. Mwaka huohuo sisi tulipata riwaya yake Paradise kwa Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, na kwa mara ya kwanza wanafunzi wangu walisoma enzi za Mjerumani bila kunisubiri nitafsiri.

Baada ya Bombay na Hamza nilirudi kwa Bärfuss. Mle ndani mna Agathe, Mnyarwanda anayependwa na David. Tunamwona kwa macho ya David tu: mwili wake, hasira yake, kisha chuki inavyomkolea. Nilifanya kazi miaka miwili na nusu kati ya wanawake waliotoka upande ule, wengine wakiwa na damu ya majirani mikononi, wengine wakiwa wameponea chupuchupu, na kazi yangu ilikuwa kuyatoa maneno yao katika lugha moja kuyaingiza katika nyingine. Najua walikuwa na maneno. Waliyasema mpaka usiku, kwa kirefu, wakijitetea, wakijilaumu, wakidanganya, wakiomba dawa. Agathe hana hata ukurasa mmoja wa namna hiyo.

Kwa hiyo naiandika upya hakiki ya Hundert Tage. Sifa za mwandishi nimeziacha zilivyo, maana amezistahili. Ila safari hii nimeanza na Agathe, na sehemu ya kwanza iko kwenye ubao tangu Jumatatu.