Tone Moja katika "Pumzi"

Ili kuiumba dunia ya filamu yake ya kisayansi, "Pumzi" (2009), Mkenya Wanuri Kahiu alichunguza mbinu za kuchora mandhari katika filamu za miaka ya 1950. Mandhari yake ni mapana, lakini mimi hurudia kutazama vitu vidogo: chupa ya udongo aliyoletewa Asha, na jasho analolikinga lisafishwe apate kulinywa. Jangwa laonyesha ukame. Tone laonyesha thamani ya maji. Ndivyo nilivyowafunza wanachuo wangu kuisoma taswira: ubeti hubebwa na neno dogo lililokaa mahali pake. Huku Moshi, barafu ya Kilimanjaro ikizidi kupungua na vihambani watu wakigawana zamu za maji ya mfereji, tone lile si bunilizi. Washairi wenzangu, tulitaje kabla halijakauka.