Fidla Ilipokuja Jena

Mji wa Jena umekaa bondeni. Mto Saale unaupitia, na vilima vya mawe ya chokaa vinauzunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jena ikiwa katika Ujerumani ya Mashariki, baridi ilipoanza, moshi wa makaa ya kahawia yaliyochomwa majumbani ulishindwa kupanda juu ya vilima hivyo, ukabaki bondeni pamoja nasi. Harufu yake iliingia kwenye makoti na kwenye mito ya kulalia. Alfajiri wafanyakazi wa kiwanda cha Zeiss walitokeza ndani ya ukungu huo kwa mamia, mikoba mkononi, wakielekea kazini. Ulikuwa mji wa vioo: darubini, hadubini, lenzi za kamera. Nami nilipelekwa huko kwa ajili ya vioo, kusomea fizikia ya mwanga, baada ya kufundishwa Kijerumani katika Taasisi ya Herder mjini Leipzig.

Nilikulia Unguja, mtaa wa Kikwajuni, katika nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa hao hao Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa hiyo ngazi na madirisha ya bweni letu la Jena hayakunishangaza. Nilichokosa ni sauti za usiku. Nyumbani, baada ya isha, mazoezi ya taarab yalisikika hadi barabarani: ganuni, udi, akodioni, na juu yake fidla, nyingi pamoja, zote zikishika sauti moja. Mmoja wa wapigaji alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Mchana alitushonea kaptura za shule, na usiku alikaa safu ya mbele, fidla begani, amenyooka kama bwana harusi.

Jena ilikuwa na orkestra yake, Philharmonie ya Jena, na ukumbi wake ulikuwa Volkshaus, Nyumba ya Watu. Jengo hilo lilijengwa na wakfu wa Carl Zeiss kati ya 1901 na 1903. Ernst Abbe, mwanafizikia aliyeuanzisha wakfu huo, ndiye pia aliyewapa wafanyakazi wa Zeiss siku ya kazi ya saa nane mwaka 1900, na alitaka wakitoka kazini wawe na mahali pa kusoma na kusikiliza. Kwa hiyo chini ya paa moja mlikuwa na ukumbi mkubwa wa muziki na maktaba. Mimi nilikuwa mtu wa maktaba. Palikuwa na joto, na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Vuli moja yakabandikwa mabango: mpiga fidla mgeni atakuja kupiga konserto ya mtunzi Mendelssohn, yaani fidla moja mbele ya orkestra nzima. Aliyenieleza maana ya bango lile ni mzee mmoja msugua lenzi, niliyemfahamu tulipopelekwa kiwandani kwa mafunzo ya vitendo. Yeye na mkewe walikuwa wakinikaribisha Jumapili kwa kahawa na keki. Alikuwa na kiti chake Volkshaus tangu baada ya vita, na aliwajua wanamuziki wote: huyu wa tarumbeta anakaa ng'ambo ya mto, yule wa fidla ya pili mama yake alikuwa muuza mkate.

Mazoezi yakaanza, mgeni bado hajafika. Nikiwa nimefungua kitabu cha mwanga, nilisikia muziki ukipenya ukutani, na mwanzoni sikuuelewa. Fidla zilitetemesha sauti za chini, taratibu, kama zinamtandikia mtu mkeka. Kisha hakuna aliyekuja kuketi. Muziki ulikwenda, ukasimama, ukajibu swali ambalo sikulisikia. Mchana baada ya mchana niliusikiliza ukiwa na tundu katikati. Pale kwenye tundu nikaanza kumweka yule fundi cherehani wa kwetu. Kichwani nilimsikia akipita na maqamu zake, ngazi za sauti za taarab, juu ya Wajerumani wale, akiteleza kati ya sauti na sauti kama walivyozoea wapigaji wetu, na haikunipa taabu kwamba hawakuandikiwa kukutana.

Jumapili nilimwomba mzee aniwekee santuri yake ya konserto hiyo. Akakataa.

"Santuri ipo, haitakimbia," alisema. "Kijana, umebahatika kuisikia orkestra peke yake. Mgeni anakuja Jumatano, Alhamisi yumo kwenye treni. Sisi tunabaki na hawa. Wasikilize hawa kwanza."

Kisha akaniambia habari nyingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, mkewe akiendelea kukata keki. Mendelssohn alizaliwa Hamburg mwaka 1809 katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa angali mtoto. Konserto hii aliianza 1838, akaimaliza 1844, na ilipigwa mara ya kwanza Leipzig, si mbali na Jena, tarehe 13 Machi 1845, rafiki yake Ferdinand David akiwa mpiga fidla. Karibu miaka mia baadaye Wanazi walimfuta. Sanamu yake mjini Leipzig iling'olewa 1936 na muziki wake ukapigwa marufuku. Orkestra ya Jena ilianzishwa 1934, Wanazi wakiwa madarakani. Mzee alikuwa kijana anayejifunza kusugua vioo. Alikuwa mtu mzima, ametoka vitani, ndipo alipoisikia fidla hii, katika ukumbi ule ule wa Volkshaus.

Jumatano ilipofika, watu walikuja kwa vikundi kutoka idara za kiwanda, kama ilivyokuwa desturi ya nchi ile, wasugua vioo na makarani wakiwa wamevaa vizuri. Makoti tuliyaacha kwa akina mama waliosimama nyuma ya meza ndefu. Nilikaa karibu na mzee, na nilijua kila sauti itakayotoka kwenye orkestra ile.

Beethoven huiacha orkestra yake iseme kwa muda mrefu kabla ya fidla ya mgeni kuingia, na taarab yetu hufunguliwa kwa bashrafu, wote pamoja. Mendelssohn hakusubiri. Mkeka ulitandikwa kwa pumzi mbili tu na mgeni akaingia, juu, peke yake, na lile tundu nililolizoea likajaa. Fundi wangu wa Kikwajuni akaondoka kwa heshima.

Lakini kilichonishika kilikuja baadaye. Katikati ya sehemu ya kwanza orkestra nzima hunyamaza, na mpiga fidla hubaki peke yake. Kwa kawaida watunzi waliweka mahali hapo karibu na mwisho, mgeni aoneshe ufundi wake wote kisha apigiwe makofi. Mendelssohn alipaleta mapema. Upinde wa mgeni ukaanza kurukaruka juu ya nyuzi nne, chini juu, chini juu, mfululizo. Na chini ya mruko huo, polepole, filimbi, obo na fidla za kwanza zikaurudisha ule wimbo wa mwanzo. Sasa orkestra ndiyo iliyokuwa ikiimba, na mgeni aliyetoka mbali alikuwa akiisindikiza. Mpiga filimbi alikuwa mwanamke niliyemwona mara nyingi akipanga foleni ya mboga. Mzee alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubana, hakusema neno.

Kwetu hapo ndipo watu wangeinuka kwenda kutunza, noti mkononi, kwa mwendo wa maringo. Volkshaus hakuna aliyejongea. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, sauti moja ya fagoti ilibaki imening'inia, ikatuvusha hadi sehemu ya pili, kwa kuwa Mendelssohn aliziunganisha sehemu zote tatu makofi yasipate pa kuingilia. Basi yakangoja mwisho, na yalipokuja yakawa ya pamoja, ya mpigo mmoja, viatu vikigonga sakafu, hadi mgeni akarudi mara kadhaa kuinama.

Kwenye foleni ya makoti nilimuuliza mzee amemwonaje mgeni. Alisema ni mpigaji mzuri sana, kisha akaanza kunieleza kwa kirefu habari za yule mwanamke wa filimbi: jinsi pumzi yake ilivyokuwa fupi alipoanza kazi, na jinsi alivyoisikia ikirefuka msimu baada ya msimu, kutoka kiti kile kile. Kabla ya wiki kwisha alikwenda kwenye chama cha wafanyakazi kuniulizia kiti cha msimu mzima, jirani na chake.